Swali la Kiingereza Lililokuja kwa Meli

"Eleza muktadha wa dondoo hili. Alama 4." Hakuna mwanafunzi wa kidato cha nne nchini Kenya asiyejua alama hizo zinavyogawanywa: nani anasema, anamwambia nani, wako wapi, na kwa nini maneno hayo yanasemwa. Anaandika mistari minne, anahamia kipengele kinachofuata. Iwe ni Kigogo ya Pauline Kea au tamthilia nyingine yoyote teule, mkono ushazoea.

Swali la aina hii halikuzaliwa katika Kiswahili. Lilikuwa swali la Shakespeare. Mtahini wa Cambridge alinyofoa mistari michache ya Macbeth au Julius Caesar, akaiweka mbele ya mtahiniwa, akamtaka ataje msemaji, msemewa na tukio. Shabaha yake haikuwa kubwa: kumnasa ambaye hakusoma kitabu. Likaja huku ndani ya karatasi ya Kiingereza, likazoeleka, kisha likahamia kwenye fasihi ya Kiswahili na hakuna aliyeliuliza linatoka wapi.

Historia ya Kiingereza shuleni husimuliwa kwa vitabu. Lini Shakespeare alitolewa, lini Achebe aliingia, nani alipinga, waziri gani alifoka. Vitabu ndivyo vinavyopigiwa kelele bungeni na magazetini. Maswali hayapigiwi kelele, na labda ndiyo maana yamedumu kuliko vitabu vyote.

Mtihani wa watawala

Mwaka 1855 Uingereza ilianza kuwapata maofisa wake wa kwenda kutawala India kwa mtihani wa ushindani, badala ya kupeana nafasi kwa kujuana. Miongoni mwa masomo yaliyotahiniwa palikuwa na lugha na fasihi ya Kiingereza, pamoja na utungaji wa insha. Ajabu ni kwamba wakati huo vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge havikuwa na shahada ya fasihi ya Kiingereza. Vijana wao walisoma Kilatini na Kigiriki. Hadithi na mashairi ya lugha yao wenyewe yalihesabiwa kuwa mambo ya kusoma ukiwa umepumzika nyumbani. Oxford ilisubiri hadi miaka ya 1890, na Cambridge hadi 1917. Kwa maneno mengine, fasihi ya Kiingereza ilikuwa somo la kumpimia mtawala wa makoloni kabla haijapewa kiti cha heshima kwao.

Bodi ya mitihani ya shule ya Chuo Kikuu cha Cambridge ilianzishwa mwaka 1858, kwa ajili ya shule za Uingereza. Haikuchukua muda karatasi zake zikaanza kuvuka bahari. Katika miaka ya 1860 zilikuwa zimeshafika Trinidad. Utaratibu ulikuwa rahisi na mkali. Maswali yalisafiri melini katika bahasha zilizofungwa kwa lakiri, yakafunguliwa siku ya mtihani, na majibu yakarudi Uingereza kusahihishwa. Ndivyo ilivyokuja kuwa hata kwetu. Mwanafunzi wa Nairobi, Kampala au Unguja aliandika insha yake mwishoni mwa mwaka, ikaenda kusomwa na mtu asiyemjua, asiyejua hata mvua za kwao hunyesha mwezi gani, naye akakaa miezi akisubiri habari.

Uingereza yenyewe ilibadilisha mfumo mwaka 1951, ikaanza kutoa vyeti vya somo moja moja. Makoloni yakabaki na Cheti cha Shule cha zamani, ambacho hutolewa kwa fungu la masomo kwa pamoja. Katika fungu hilo Kiingereza kilikuwa nguzo. Ukikifeli, umefeli vyote.

Aliyelieleza hilo kwa uchungu kuliko wote ni Ngũgĩ wa Thiong'o. Katika Decolonising the Mind, kitabu chake cha mwaka 1986, anamkumbuka mwanafunzi mwenzake wa mwaka 1954 aliyepata alama za juu kabisa katika masomo yote ya mtihani wa kumaliza shule ya msingi isipokuwa Kiingereza. Akahesabiwa kuwa amefeli mtihani mzima, na maisha yakampeleka kuwa utingo wa basi. Ngũgĩ mwenyewe alikuwa na alama za kawaida tu katika mengine, lakini Kiingereza chake kilikuwa kizuri. Akapata nafasi Alliance, Kikuyu, iliyokuwa shule ya kuonewa wivu kuliko zote kwa Mwafrika wa Kenya.

Huko Alliance, kati ya 1955 na 1958, chini ya mkuu wa shule Carey Francis, wanafunzi waliigiza tamthilia moja ya Shakespeare kila mwaka. Nje ya ua wa shule kulikuwa na Hali ya Hatari. Ngũgĩ aliporudi likizo yake ya kwanza hakukikuta kijiji chao. Kilikuwa kimebomolewa na watu wamehamishiwa Kamirithu. Kaka yake alikuwa msituni na Mau Mau. Kijana huyo ndiye aliyetakiwa kujibu, kwa Kiingereza safi, maswali kuhusu wafalme wa Uingereza waliouana kwa sababu ya taji. Sioni ajabu kwamba aliyajibu vizuri. Mtu aliyeyaona hayo nyumbani kwao alijua zaidi ya mtahini kuhusu damu na madaraka, ila hapakuwa na nafasi kwenye karatasi ya kuyasema.

Shairi lisilo na mwenyewe

Kuna swali jingine ambalo wengi hawalijui asili yake. Ni lile la shairi geni: unapewa shairi ambalo hujawahi kuliona, aghalabu hujui hata limetungwa lini, unaulizwa dhamira, toni, tamathali za usemi na hisia za nafsineni. Katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, limo kwenye karatasi ya pili ya Kiingereza.

Tukilifuata nyuma tunafika Cambridge tena, miaka ya 1920, kwa mhadhiri aitwaye I. A. Richards. Alikuwa akiwagawia wanafunzi wake mashairi yasiyo na jina la mtunzi, akawaambia waende wakaandike wanachokiona. Matokeo yalimtia hofu. Wasomi hao vijana, bila jina kubwa la kuwaongoza, walisifu mashairi ya hovyo na kuyaponda ya mabingwa. Wengine hawakuelewa hata maana ya sentensi za kawaida. Mwaka 1929 alichapisha majibu yao, pamoja na maoni yake, katika kitabu kiitwacho Practical Criticism. Kutokana na jaribio hilo walimu wakajenga njia ya kufundisha, na kutokana na njia hiyo watahini wakajenga swali.

Nalipenda swali hili, na nitalitetea. Ni miongoni mwa maswali machache ambayo huwezi kuyakariri majibu yake. Mtoto wa Lodwar na mtoto wa Nairobi wanaliona shairi kwa mara ya kwanza dakika ile ile. Lakini tazama lilivyogeuka njiani: Richards aliwaacha watu na shairi zima na juma zima, leo mtahiniwa ana dakika chache, na vipengele vimekatwakatwa vya alama mbili au tatu, kila kimoja na jibu lake linalotarajiwa.

Vitabu vinabadilika

Miaka ya 1960 ndiyo iliyoleta vitabu vingine mezani. Mwaka 1962 kampuni ya Heinemann ilianzisha mfululizo wa waandishi wa Afrika, kitabu cha kwanza kikiwa Things Fall Apart. Achebe mwenyewe alikuwa mhariri wake kwa miaka kumi ya mwanzo, na katika muda huo vilitoka vitabu mia moja, vingi vyenye majalada ya rangi ya chungwa yaliyojulikana kila bweni. Soko lake kubwa lilikuwa shule za Afrika. Nairobi nako, East African Publishing House ikachapisha Song of Lawino ya Okot p'Bitek mwaka 1966.

Shakespeare naye hakukaa kimya. Mwaka 1963 Julius Nyerere, rais wa nchi changa na mwalimu wa zamani wa Tabora na Pugu, alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar kwa Kiswahili. Akairekebisha ikawa Juliasi Kaizari mwaka 1969, mwaka ule ule alipotoa Mabepari wa Venisi. S. S. Mushi alikuwa ameshamtafsiri Macbeth mwaka 1968. Watu wazima waliovisoma vitabu hivi kwa ajili ya mtihani wa mkoloni walikuwa wakivirudia kwa hiari yao, kwa lugha yao, bila mtu wa kuwatoza alama. Nadhani hiyo ndiyo sifa kubwa zaidi ambayo Shakespeare ameipata katika ukanda huu.

Kishindo kikaja Oktoba 24, 1968. Wahadhiri na watafiti watatu wa chuo kikuu cha Nairobi, James Ngugi kama Ngũgĩ alivyoitwa wakati huo, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, waliandika waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza ivunjwe. Hoja yao haikuwa kuwafukuza Wazungu kwenye maktaba. Walihoji kwa nini Afrika itazamwe kama tawi lililochipuka kwenye mti wa fasihi ya Uingereza, wakati mwanafunzi yuko Nairobi. Wakataka fasihi ya Afrika iwe katikati, fasihi simulizi ikiwemo, na nyingine zipangwe kuizunguka. Ikaundwa Idara ya Fasihi. Mwezi Septemba 1974 walimu, wahadhiri na wakaguzi wa Wizara ya Elimu wakakutana Nairobi School kuzungumzia jinsi ya kuufikisha mwelekeo huo mashuleni.

Wakati huo huo mitihani nayo ilikuwa ikihamia nyumbani. Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki lililoanzishwa miaka ya 1960 lilichukua kazi kutoka Cambridge kidogo kidogo. Tanzania ikajitoa mwaka 1971 na kuunda baraza lake, NECTA, kwa sheria ya mwaka 1973. Kenya ikaunda lake, KNEC, mwaka 1980, na Uganda mwaka 1983. Karatasi haikuhitaji tena meli.

Waraka wa 1968 ulijadiliwa dunia nzima na unajadiliwa hadi leo, zaidi tangu Ngũgĩ alipofariki Mei 2025. Lakini ulihusu nini kisomwe. Namna ya kuuliza haikupata waraka wake. Achebe alipokaa kwenye kiti cha Shakespeare, alikuta swali linamngojea.

Alama kumi na mbili

Mfumo wa 8-4-4 ulianza Kenya mwaka 1985 na mtihani wa kwanza wa KCSE ukafanyika 1989. Lugha ya Kiingereza na fasihi yake viliunganishwa kuwa somo moja, na fasihi simulizi ikaingia. Orodha ya vitabu teule ikawa pana kweli: Imbuga, Ruganda, Macgoye na Margaret Ogola wa hapa kwetu, halafu Gogol wa Urusi, Ibsen wa Norway, Brecht wa Ujerumani, Steinbeck wa Marekani. Hakuna anayeweza kusema mtoto wa Kenya amefungiwa chumba kimoja.

Sasa tuangalie anavyojibu. Tuchukue swali la mfano kuhusu A Man of the People ya Achebe: thibitisha kwamba tamaa ya viongozi huwaumiza walio karibu nao. Alama 20. Mtahiniwa aliyefunzwa vyema anazigawa kabla hajashika kalamu. Utangulizi alama 2. Hoja nne, kila moja alama 3, jumla 12. Hitimisho alama 2. Lugha alama 4. Basi anaanza: waziri Nanga anamnyang'anya kijana mwalimu Odili mpenzi wake, Elsie. Aya ya pili: Nanga anamtaka Edna, msichana mdogo, awe mke wake wa pili, na baba wa msichana anapumbazwa kwa mali. Aya ya tatu: Odili anapigwa hadi kulazwa hospitali. Ya nne: Max, rafiki wa Odili, anauawa kwa kugongwa na gari la wahuni wa waziri Koko. Kila aya inatanguliza hoja, inasimulia tukio, inafunga kwa kurudi kwenye swali. Dakika hamsini zinatosha.

Tumtafutie nafasi Josiah sasa. Josiah ni mwenye duka kijijini aliyemwibia kipofu Azoge fimbo yake, na kijiji kikaamini anakwenda kuifanyia uganga wa kuvuta wateja. Hakuna polisi aliyeitwa. Watu waliacha kununua kwake, basi, na duka likafa. Huyo huyo Josiah ndiye anayekuja kumfichua Odili kwenye mkutano wa Nanga. Kisa chenyewe hakifiki kurasa nyingi, lakini kitabu kizima kinaning'inia hapo: kijiji kinaweza kumkomesha mwizi wa fimbo kwa sababu fimbo ina mwenyewe; mwizi wa nchi anapigiwa vigelegele kwa sababu nchi haina mwenyewe. Josiah si kiongozi, wala hayuko karibu na kiongozi. Haingii kwenye hoja yoyote kati ya zile nne. Mwanafunzi aliyekielewa kitabu kuliko wenzake wote hana pa kumweka, na akimweka anahatarisha alama tatu.

Nisimwonee mtahini. Mwaka 2024 watahiniwa wa KCSE walizidi laki tisa, na Kiingereza ni lazima kwa kila mmoja. Insha hizo lazima zisahihishwe kwa wiki chache, na insha ile ile ipate alama ile ile iwe imemwangukia mwalimu mkali au mpole. Bila mgawanyo wa hoja nne, haki hiyo haipatikani. Mtahini wa Cambridge wa enzi zile alikuwa na uhuru zaidi wa kumpa mtoto alama kwa kuvutiwa tu. Alikuwa pia na uhuru wa kumnyima.

Orodha ya Tanzania

Tanzania ilishika njia tofauti kidogo. Karatasi ya kidato cha nne haimfungi mtahiniwa kwenye kitabu kimoja. Inampa orodha ya riwaya, tamthilia na diwani, kisha inamtaka ajibu kwa kutumia kazi mbili alizosoma, mara nyingi kwa hoja tatu kutoka kila moja. Utaratibu huu una huruma ndani yake: shule iliyopata vitabu viwili tu haiachwi nje.

Lakini huruma hiyo ina gharama. Swali linalotakiwa kujibika kwa Houseboy ya Oyono, kwa Passed Like a Shadow ya Mapalala na kwa Unanswered Cries ya Conteh haliwezi kukigusa kitabu chochote kwa undani. Litauliza nafasi ya mwanamke, mgongano wa mila na usasa, uongozi mbaya, au funzo kwa jamii. Wahusika wanageuka kuwa mifano ya dhamira, na Toundi wa Houseboy, mtoto anayeandika shajara yake huku akifa kidogo kidogo, anabaki kuwa "athari za ukoloni, hoja ya pili".

Tatizo la Tanzania lilikuwa na mzizi mwingine. Shule za msingi zilifundisha kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza. Mwaka 1982 tume ya rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza sekondari nazo zihamie Kiswahili, serikali haikukubali. Mwaka 1984 Waingereza wawili, Criper na Dodd, waliwapima wanafunzi na kukuta wengi wao hawana Kiingereza cha kusomea masomo mengine, sembuse cha kuchambulia riwaya. Ukafuata mradi wa kusaidia ufundishaji wa Kiingereza, kwa fedha za Uingereza, uliosambaza vitabu vyepesi vya kusoma. Ndiyo sababu watu wa rika fulani wanamkumbuka Hawa the Bus Driver wa Richard Mabala kuliko wanavyomkumbuka Hamlet, na wanamkumbuka kwa furaha.

Swali likishatabirika, jibu linakuwa bidhaa. Kenya kuna miongozo ya vitabu teule, hutoka karibu pamoja na kitabu chenyewe, na mingine huuzwa kwa bei isiyofika nusu ya kitabu. Tanzania kuna madesa, na hakuna aliyepita kidato cha nne bila kuyasikia majina ya Nyambari Nyangwine na Masebo. Walimu huyalaani madesa darasani kisha huyafungua wanapoandaa somo. Mimi siwalaumu wachapishaji. Wanauza kile ambacho karatasi inanunua: dhamira, ujumbe, wahusika, hoja sita zilizokwisha kupangwa. Kama mtihani ungeuliza kuhusu Josiah, mwongozo wenyewe usingesaidia, mpaka mwaka unaofuata.

Kenya sasa inaiaga KCSE. Mtihani wa mwisho umepangwa kufanyika mwaka 2027, na katika mtaala mpya wa sekondari ya juu Fasihi kwa Kiingereza itasimama peke yake kwa wanaoichagua, huku Kiingereza kikibaki lazima kwa wote. Ndoa ya lugha na fasihi ya mwaka 1985 inavunjika. Maana yake ni kwamba watunga maswali watakuwa na watahiniwa wachache walioingia kwa kupenda, nafasi ambayo hawajawahi kuwa nayo tangu ndoa hiyo ifungwe.

Ombi langu ni kwa wasomaji wenye umri. Karatasi za mitihani ya zamani, za Cambridge, za baraza la Afrika Mashariki, za NECTA na KNEC za miaka ya mwanzo, nyingi zimeishia kufungia karanga. Ukiwa nayo moja kwenye sanduku, yenye maswali ya insha au ya fasihi, usiitupe. Ipeleke maktaba ya taifa au ya chuo kikuu kilicho karibu nawe, na uandike nyuma yake ulisoma shule gani na ulijibu maswali yapi.